Mstari wa Thelathini na Moja

Jumatatu, 14 Julai

Duka la chuo linauza madaftari mawili mawili, kwa hiyo ninayo mawili. La kwanza ni la kazi. Kurasa zake zimepigwa namba, na leo Dakta Prebble ametusomea masharti yake kana kwamba tuko chekechea: wino tu, hakuna penseli, hakuna kifutio, hakuna kuchana ukurasa. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa lisomeke bado, kisha unatia herufi za jina lako na tarehe. "Kosa lako nalo ni kumbukumbu," akasema. Joss akaninong'oneza kwamba kwa hesabu hiyo yeye ana kumbukumbu za kujaza maktaba. Daftari hili la pili ni langu, na humu hakuna masharti.

Tumegawanywa watatu watatu kwa kazi ya muhula wa mwisho. Nimewekwa pamoja na Joss Orbell, ambaye nimekaa naye dawati moja tangu mwaka wa kwanza, na Matiu Tamatea. Matiu ana miaka arobaini na mitatu. Alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha maziwa ya unga huko Kisiwa cha Kaskazini, alianza kwa kuosha matangi. Jamaa zake, Wamaori wa huko, wanajenga kiwanda chao wenyewe, na yeye ndiye waliyemtuma asome uhandisi wa kemikali arudi awe mhandisi wao. Darasa zima linamwita Mjomba.

Nilitaka tupewe Anneke, mwenye alama kama zangu. Nimeandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 17 Julai

Barafu kwenye nyasi mpaka saa nne asubuhi. Tumepewa gambuti. Yangu ya kushoto inavuja.

Alhamisi, 24 Julai

Siku yetu ya karakana ni Alhamisi. Mtambo wetu ni wa kuvukiza maziwa: unayachemsha kwenye ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa, maji yanaondoka, yanabaki maziwa mazito. Ukimaliza, mabomba yana utando wa maziwa yaliyoungua, na huo hautoki kwa maji matupu. Unauosha kwa kostiki ya moto, maji ya magadi makali yanayounguza ngozi. Kostiki hiyo inachanganywa kwenye tangi lililo juu ya jukwaa, na mpira wa maji ya bomba ndio unaolijaza.

Mwenye karakana ni Bi Glenys Maddock. Dakta Prebble ana ofisi yake, lakini karakana ni ya Bi Glenys. Ana miaka sitini na moja, ni fundi, mfupi, funguo zote ziko kiunoni. Saa nne kamili anatuita kwenye chumba chake cha chai nyuma ya ukuta, chenye sinki, birika na skonzi za jibini alizooka mwenyewe.

"Nyie mnakula kama mnahama," akasema.

"Tunahama kweli, Bi Glenys," Joss akasema. "Tunatoka kwenye njaa."

Matiu huwa anafumba macho kabla ya kusema jambo. Joss amegundua mchezo: tunahesabu sekunde kwa vidole chini ya meza mpaka afumbue. Leo alifika kumi na moja. Nilicheka mpaka chai ikanipalia, na Matiu akanipigapiga mgongoni, akidhani ni makombo.

Alhamisi, 31 Julai

Leo tumepimana. Kila mwanafunzi anampa mwenzake alama kwa siri, kati ya kumi, na maneno machache. Joss nimempa nane. Matiu nimempa nne. Niliandika: "Ni mtu mwema lakini anatuchelewesha. Mchango wake wa kitaalamu ni mdogo."

Nimelelewa kwenye shamba la ng'ombe Southland, kusini kabisa. Lori la kiwanda lilikuja kila asubuhi kuchukua maziwa yetu, na watu kama Matiu ndio walioyapokea upande wa pili. Sijui kwa nini hilo lilinifanya nijione namjua tayari.

Alhamisi, 7 Agosti

Kikao cha hatari, muda wa saa nne na nusu nzima. Hakuna kundi linaloruhusiwa kuwasha mtambo kabla ya kikao hicho. Mnakaa mbele ya mchoro, mnapita bomba kwa bomba, na kwa kila bomba mnauliza maneno yale yale. Hakuna? Zaidi? Pungufu? Kinyume? Yaani: itakuwaje kama hakuna kinachopita, kikipita zaidi, kikipita pungufu, kikirudi kinyume. Lolote linalosemwa linaandikwa, hata likiwa la kipuuzi. Katibu hachagui. Katibu ni mimi.

Dakta Prebble alikaa nasi saa ya kwanza, akatuachia. Kufikia saa saba tulikuwa hoi. Joss akatoka kwenda kutafuta mikate ya nyama. Tukabaki mimi na Matiu, tumefika kwenye mpira wa maji unaojaza tangi la kostiki.

"Kinyume?" nikauliza.

Akafumba macho. Nilihesabu hata bila Joss. Tisa.

"Maji ya mji yakipungua nguvu," akasema, "na mdomo wa mpira umezama kwenye kostiki, kostiki itavutwa irudi kwenye bomba. Tangi liko juu. Na bomba hili, binti, ndilo linalokwenda kwenye sinki ya Bi Glenys."

"Hapa ni Timaru, Mjomba. Maji hayapungui nguvu."

"Nimeyaona yakipungua."

"Sawa. Nimeandika."

Na kweli niliandika, kwa wino, daftari la kazi, mstari wa thelathini na moja. Safu ya mwisho, ile ya hatua ya kuchukuliwa: *valvu ya kuzuia maji kurudi*. Joss akarudi na mikate, tukaendelea hadi wa arobaini na sita.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi nimekaa maktaba kunakili jedwali kwenye kompyuta. Nilipofika wa thelathini na moja nikaulizia valvu. Inaagizwa, kisha inafungwa na fundi bomba wa chuo, kisha inakaguliwa. Wiki tatu mambo yakienda vizuri. Zamu yetu ya mtambo ingekwenda kwa kundi la Anneke, sisi tungebanwa mwisho wa muhula pamoja na mitihani.

Nilikaa nikiutazama mstari ule kwa muda. Nikajiambia ni jambo la mmoja, halikujadiliwa na kundi. Nikajiambia Mjomba huona majanga kila mahali. Nikaufuta.

Jedwali likajipanga lenyewe. Wa thelathini na mbili ukawa wa thelathini na moja, na hakuna pengo lililobaki.

Jumanne, 12 Agosti

Joss ametia saini. Matiu nilimkuta kituo cha basi, akatia saini akiwa ameegemeza karatasi kwenye goti. Hakusoma.

"Isome kwanza, Mjomba," nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo.

"Si umeandika wewe? Basi."

Alhamisi, 14 Agosti

Mtambo umewaka. Maziwa ya kwanza yametoka mazito, rangi ya siagi changa. Bi Glenys ameyaonja kwa kidole akasema yanafaa.

Jioni yamerudi maoni ya kupimana. Hayana majina, lakini tuko watatu tu. Moja linasema: "Mzuri ila ananuna akishindwa." Huyo ni Joss. La pili ni alama kumi, na maneno haya: "Makini sana. Kila tunachosema anakiandika. Najisikia salama akiwa katibu."

Nimelisoma mara nyingi. Nilifungua lile jedwali nikataka kuurudisha mstari. Lakini Dakta ameshaidhinisha, mtambo umeshawaka, na ningelazimika kueleza ulikuwa wapi wiki nzima. Nikafunga kompyuta nikaenda kula.

Alhamisi, 21 Agosti

Matiu ameufunga mpira wa maji kwa waya kwenye ukingo wa tangi, mdomo ukining'inia juu ya kostiki pasipo kuigusa. Hivyo maji yanaingia kwa kuanguka, na yakikata hakuna kinachoweza kuvutwa.

"Ni mpaka valvu ije," akaniambia. "Imeagizwa?"

"Nadhani Dakta anaishughulikia."

Huo ni uongo, na ulinitoka haraka kuliko jina langu.

Alhamisi, 28 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Upepo mkavu wa kaskazini-magharibi ulikuwa unavuma tangu alfajiri, ule unaoumiza kichwa. Zamu ya kuosha ilikuwa ya Matiu, jina lake liko kwenye ubao. Yeye alikuwa chini akifunga valvu za mtambo. Joss alikuwa juu ya jukwaa anajaza tangi, na maji yaliyokuwa yakianguka kutoka kwenye mpira yalikuwa yanamrukia.

"Nani kafunga huu waya wa kijinga?" akasema. "Nimelowa mpaka soksi."

Akachukua koleo akaukata. Mpira ukazama.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilimwona akikata. Joss hakuwepo siku ile Matiu aliposema, alikuwa amekwenda kununua mikate, na kwenye kumbukumbu hapakuwa na mstari wa kumwambia. Mimi nilijua. Lakini nilichokifikiria, Mungu ananiona, ni kwamba angalau sasa hakuna kurukiwa. Baada ya kuufuta mstari nilikuwa nimeufuta na kichwani.

Saa nne kasoro, zimamoto walikuwa wanajaribu mabomba yao barabarani, jambo tulilolijua baadaye. Maji yakapungua nguvu. Ninachokumbuka ni kwamba mpira uliacha kuunguruma.

Bi Glenys huwa anameza kidonge cha presha kabla ya chai. Akakinga kikombe sinkini, akapiga funda moja.

Tulisikia kikombe kikigonga chini. Matiu alifika kabla yetu. Bi Glenys ameshika shingo, mate yanamtoka, hawezi kusema. Matiu akatazama sinki. Juu ya meza chai ilikuwa imeshamiminwa kutoka kwenye birika lililojazwa mapema, nyekundu ya kawaida. Akafungua bomba, akatia maji kidogo kwenye kikombe cha chai, na chai ikageuka nyeusi pale pale, jinsi kostiki inavyoifanya.

"Kostiki," akasema. "Rhona, lete maziwa. Joss, ita gari la wagonjwa. Msifungue bomba lolote."

Nikaleta maziwa. Akamshika kichwa kama mtoto, akamsukutua, "teme, mama, teme, tena," mpaka gari likafika. Kisha akaenda kufunga bomba kuu la jengo, alijua lilipo ingawa mimi nimekaa humo miaka minne sijui, na akapanda ghorofa zote tatu akigonga kila mlango kuwaambia watu wasinywe maji.

Aliporudi alitazama juu ya jukwaa. Aliuona ule waya uliokatwa.

Ijumaa, 29 Agosti

Bi Glenys yuko hai. Mdomo na koo vimeungua, analishwa kwa mrija. Dakta Prebble ameniomba kumbukumbu za kikao kwa ajili ya uchunguzi. Nimezichapa nakala tatu nikampelekea.

Jumatatu, 1 Septemba

Likizo, niko nyumbani. Ndama arobaini na wawili. Nanywesha, naosha ndoo, nanywesha. Baba ameuliza habari za ajali, imetangazwa redioni. Nimemwambia mzee mmoja wa kundi letu, aliyefanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa, alikuwa zamu.

"Maskini," Baba akasema. "Lakini mtu aliyekaa kiwandani miaka yote hiyo angelijua."

Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 6 Septemba

Mvua. Ndama mmoja amekufa.

Jumanne, 9 Septemba

Joss amepiga simu. Amewaambia wachunguzi kwamba waya aliukata yeye. Alisema hakulala siku tatu, kisha akaenda mwenyewe. Wao wakamjibu kwamba hakuna karatasi inayoonyesha waya ule ulikuwa wa nini, kwa hiyo hakuwa na njia ya kujua. Aliyekuwa zamu ndiye aliyepaswa kuiona hatari na kuitaja kikaoni. Ana uzoefu. Na saini yake ipo.

"Watamwondoa, Rhona. Kikao cha nidhamu ni tarehe ishirini na tano. Akiondolewa kwenye karakana hamalizi mwaka huu, na bodi ya wahandisi haitamsajili mtu mwenye doa kama hilo. Ile kazi ya kwao ndiyo basi tena." Kisha akasema, "Mjomba anasema aliitaja. Anasema ilikuwa wewe na yeye. Unakumbuka?"

Nilikuwa nimesimama kwenye zizi na ndoo mkononi.

"Sikumbuki vizuri," nikasema.

Jumatano, 10 Septemba

Sina la kuandika. Nimenywesha ndama.

Jumanne, 16 Septemba

Nimerudi. Daftari la kazi liko chini ya sweta kabatini. Nililificha kabla ya likizo na sikujikiri kwamba nalificha.

Mchana nilikutana na Matiu uwanjani. Nilitaka kugeuka njia lakini alishaniona. Amekonda. Akavua kofia, na kunivulia kofia peke yake kulitosha kuniua.

"Binti, nataka nikuombe radhi," akasema. "Nilimwambia Joss kwamba siku ile nilitaja habari ya mpira. Joss akaniambia wewe hukumbuki. Nimefikiri sana. Nadhani nililiwaza tu, sikulitamka. Kichwa changu si cha zamani. Haikuwa haki kukuingiza."

Nilifungua mdomo. Yeye akadhani nataka kumfariji.

"Usihangaike," akasema. "Nimeshamwambia na mke wangu kwamba sikusema."

Akavaa kofia akaenda. Mimi nikaingia choo cha maktaba nikafungua bomba ili nisisikike. Nimemwibia mtu kumbukumbu yake mwenyewe, naye amekuja kuniomba msamaha.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwenda hospitali. Bi Glenys haruhusiwi kusema, ana kibao cha kuandikia. Mume wake akatuacha peke yetu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kila kitu. Yeye akawahi kuandika: *Mjomba wanamtendeaje?*

Nikasema, "Anaendelea vizuri."

Akaandika: *Yeye ndiye aliyeniokoa. Waambie.*

Nikasema nitawaambia. Nimeondoka na maua niliyompelekea, nilisahau kuyaacha, nikayaona mkononi nikiwa kwenye basi.

Jumatano, 24 Septemba

Kesho. Nimetoa daftari chini ya sweta nimeliweka kwenye mkoba. Nimelitoa. Nimelirudisha.

Alhamisi, 25 Septemba

Jamaa za Matiu walikuja tisa. Walisafiri siku mbili kwa gari na kwa meli. Wenzetu Wamaori hawamwachi mtu wao asimame peke yake mbele ya watu wanaomhukumu, na kwanza wanasalimia, wanazungumza, na kila anayezungumza akimaliza watu wake wanasimama wanamwimbia wimbo mmoja kuonyesha wako naye. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ametenga dakika arobaini kwa shauri zima. Zilikwisha kabla salamu hazijakwisha.

Mimi nilikuja peke yangu kama shahidi. Nilikaa mlangoni. Mwanamke mzee mwenye skafu ya kijani, shangazi yake Matiu, Shangazi Kahu, akageuka akanitazama.

"Wewe ni nani?"

"Rhona. Niko kundi moja na Matiu."

"Aa, wewe ndiye Rhona. Matiu anakusifu. Watu wako wako wapi?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Hakuna mtu anayekaa mwenyewe siku kama hii. Njoo hapa."

"Nimezoea hapa, Shangazi."

"Sikukuuliza umezoea wapi."

Akainua mkoba wake kwenye kiti, akanikalisha kati yake na binamu mmoja mnene aliyenipa kipande cha mkate uliofungwa kwenye kitambaa. Nikaula. Sikujua jinsi ya kuukataa. Nilikaa katikati ya watu wake nikila mkate wao, na daftari likiwa mapajani mwangu.

Mwenyekiti akasoma. Kumbukumbu za kikao cha hatari, mistari arobaini na mitano, hakuna uliotaja maji kurudi. Saini tatu. Je, Bwana Tamatea anazipinga?

Matiu akasimama. Akafumba macho. Safari hii sikuhesabu.

"Sizipingi," akasema. "Katibu wetu ni makini. Kama hakuandika, basi sikusema."

Sikusimama kwa ujasiri. Nilisimama kwa sababu sikuweza kuendelea kukaa kwenye kile kiti. Nikasema, "Alisema." Hawakunisikia, mwenyekiti akaniomba nirudie. Nikafungua daftari la kazi, nikasoma mstari wa thelathini na moja kama ulivyo, tarehe saba Agosti, kwa wino, mwandiko wangu. Nikasema niliufuta kwenye kompyuta siku ya pili kwa sababu nilitaka zamu yetu. Nikasema nilijua waya ulikuwa wa nini, na nilimwona Joss akiukata. Nikasema Joss aliponiuliza nilimdanganya, na Matiu aliponiuliza habari ya valvu nilimdanganya, na aliponiomba radhi niliipokea. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, ya kuchukiza.

Nilipomaliza nilibaki nimesimama. Hakuna aliyeimba.

Matiu alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Nilisema," akasema, kama mtu anayejiuliza. Kisha akamgeukia shangazi yake. "Shangazi, nilisema. Nilikuwa nimeanza kuogopa akili yangu." Akaketi akafunika uso kwa kofia, na mabega yakawa yanatikisika.

Mwenyekiti akaanza kusema kitu kuhusu kuahirisha. Mimi nilianza kwenda mlangoni, kwa kuwa sikuona kama nina haki ya kurudi nilipokuwa nimekaa.

"Unakwenda wapi?" Shangazi Kahu akauliza.

"Nje."

"Ulikuja hapa kusema, umesema. Sasa kaa usikilize. Na sisi tuna ya kusema, na si mazuri."

Kiti changu kilikuwa bado kitupu, hakuweka mkoba wake. Nikakaa. Walisema, mmoja baada ya mwingine, karibu saa nzima. Hayakuwa mazuri, na yote yalikuwa kweli.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimempigia Baba, nimemwambia. Ndama walikuwa wakilia nyuma yake. Kisha akasema, "Na mimi nilimlaumu yule bwana." Akakata simu. Baada ya robo saa akapiga tena akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 6 Oktoba

Uamuzi umetoka. Matiu ni safi, na barua ya chuo ya kumwomba radhi imepelekwa kwake na kwa jamaa zake. Muhula wangu umefutwa, nitarudia mwakani. Joss hasemi nami. Jana alipita karibu yangu kantini akasema bila kusimama, "Ulinifanya nimwambie hukumbuki. Mimi nilimwambia, kwa mdomo wangu."

Bi Glenys ametoka hospitali. Nilikwenda kwake nikamweleza mlangoni. Sauti yake sasa ni ya kukwaruza, na chai haina ladha tena mdomoni mwake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuja hospitali," akasema. "Ningependa ungeniambia siku ile, kabla ya kuwaambia wao. Koo lilikuwa langu."

Hakunikaribisha ndani. Alinipa gambuti mpya kwenye mfuko, akasema ile ya kushoto ilikuwa inavuja na alishaandika tangu Julai ibadilishwe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Valvu imefungwa. Kabla ya kuwasha mtambo tena kikao cha hatari lazima kirudiwe chote. Dakta Prebble alitaka kutafuta katibu kutoka kundi lingine. Jana jioni akaniita ofisini akaniambia Matiu amekataa, anamtaka Rhona.

"Umemsamehe?" Dakta alimuuliza, na alinisimulia jibu bila kulipamba.

"Hapana. Lakini ndiye mtu pekee chuoni ambaye hawezi tena kusahau kuandika."

Tulianza saa mbili asubuhi. Joss alisoma maneno akinipa ubavu. Hakuna? Zaidi? Pungufu? Kinyume? Hakuna aliyetoka kununua chochote. Bi Glenys alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, amefunga shali shingoni.

Tulifika kwenye mpira wa maji.

"Kinyume," Joss akasema.

Matiu akafumba macho. Upepo ulikuwa unatikisa bati la karakana. Tulimngoja, sote watatu, na hakuna kidole kilichosogea chini ya meza. Alipofumbua alilisema lile lile la Agosti, polepole, neno kwa neno: maji ya mji yakipungua nguvu, na mdomo wa mpira umezama kwenye kostiki.

Niliandika. Kalamu ilikwama kwenye neno *sinki*, nikakosea, nikapiga mstari mmoja juu yake, nikatia herufi zangu, R.D., na tarehe, nikaliandika tena.

"Soma," Matiu akasema.

Nikasoma.

"Tena. Bi Glenys hakusikia."

Nikasimama, nikamgeukia Bi Glenys, nikasoma tena kwa sauti.